Kutembea Bangkok: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wa kwetu hufika Bangkok kwa shughuli: nguo za soko la Pratunam, vito, matibabu, au ndege tu ya kuunganisha. Wanalala karibu na soko, wanafunga mzigo, wanarudi nyumbani, na ukiwauliza mji ukoje wanakwambia ni joto na foleni. Majibu haya ni kwa mtu wa aina hiyo mwenye siku mbili tatu za ziada, na kwa yule aliyekata tiketi kwa ajili ya kutembea tu.

Nina siku mbili. Nianzie wapi?

Anzia mtoni, na uanze asubuhi mapema. Mfalme Rama wa Kwanza aliifanya Bangkok makao makuu mwaka 1782, alipohamisha utawala kutoka Thonburi, ng'ambo ya magharibi ya mto Chao Phraya, akajenga jumba lake upande wa mashariki. Ndiyo maana vitu vya kale vya mji huu karibu vyote vimekaa kandokando ya maji. Mtu akishalijua hilo, nusu ya shida ya usafiri imekwisha.

Siku ya kwanza, uwe langoni kwa Jumba la Kifalme kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, wakati linapofunguliwa. Mabasi ya watalii hujaa kuanzia saa tatu, na baada ya hapo ni kusukumana. Ukitoka, tembea kwa miguu kuelekea kusini hadi hekalu la Wat Pho. Kula, pumzika, halafu jua likishapungua makali vuka mto kwenda Wat Arun. Jioni panda boti hadi gati la Ratchawong, ukale Yaowarat, mtaa wa Wachina.

Siku ya pili, panda boti za mfereji wa Saen Saep, uone nyumba ya Jim Thompson, upite sokoni, na jioni ukae bustani ya Lumphini.

Kati ya saa sita na saa tisa mchana uwe ndani, penye kiyoyozi, bila kuona aibu. Wanaoichukia Bangkok wengi waliitembea saa nane mchana.

Jumba la Kifalme linastahili kiingilio cha baht 500, fedha ya Thailand?

Ndiyo, ingawa ni kiingilio kikubwa kuliko vyote utakavyolipa kwa hekalu mjini. Usitegemee kuona vyumba vya mfalme. Familia ya kifalme haiishi humo siku hizi, na sehemu kubwa ya majengo hutazamwa kwa nje. Kinachowaleta watu ni Wat Phra Kaew, hekalu lililo ndani ya ukuta huohuo, lenye sanamu ya Buddha wanayoiita ya zumaridi. Kwa kweli ni jiwe lingine la kijani, na urefu wake ni sentimita 66 hivi. Utaiona kwa mbali, juu kabisa ya madhabahu. Ina mavazi matatu ya dhahabu, la joto, la mvua na la baridi, na mfalme mwenyewe ndiye humbadilishia majira yanapogeuka.

Watu wengi huitazama sanamu, wakapiga picha nje, wakaondoka. Usiondoke bado. Ukuta wa ndani wa ukumbi unaozunguka hekalu una michoro 178 inayosimulia Ramakien, hadithi ya Rama kama Wathai wanavyoisimulia, yenye jeshi la nyani, majitu na majumba yaliyopakwa dhahabu. Tafuta Hanuman, nyani mweupe, aliyejikuza mpaka mwili wake ukawa daraja la kuvusha jeshi. Kuna kivuli, na watoto wanaweza kukaa hapo nusu saa nzima.

Mtu mmoja amenisimamisha barabarani akasema Jumba limefungwa leo. Ni kweli?

Si kweli. Huo ni utapeli mkongwe kuliko baadhi ya hoteli za mji. Huyo bwana atakuwa nadhifu, mpole, pengine na kitambulisho kifuani. Atakwambia leo kuna ibada ya kifalme hadi saa saba, kisha kwa bahati nzuri itatokea bajaji ya kukuzungusha mahekalu mengine kwa baht 20 au 40. Safari itaishia duka la vito au la mshonaji wa suti, na utaambiwa kuna punguzo la serikali linalokwisha leo hii.

Mpe mkono wa kwaheri, endelea hadi langoni, umuulize mlinzi aliyevaa sare. Siku za ibada Jumba hufungwa kweli kwa nadra, lakini habari hiyo utaipata langoni. Hakuna bajaji Bangkok inayomzungusha mgeni kwa muda wa saa tatu kwa bei ya maji ya chupa. Aliyekubali nauli hiyo ameshaingizwa mkenge.

Nivae nini hekaluni?

Mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, nguo isiwe ya kubana wala ya kuonyesha mwili. Anayevaa kanzu, baibui, kitenge au suruali ndefu yuko sawa. Khanga mbili mkobani zinatatua karibu kila tatizo: moja mabegani, moja kiunoni. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo acha vya kamba nyingi. Ukikaa mbele ya sanamu, miguu usiielekeze kwake, ikunje nyuma. Mwanamke asimguse mtawa wala asimpe kitu mkono kwa mkono. Na sanamu haipandwi kwa ajili ya picha, hata kama ni kipande kilichoanguka.

Mahekalu ni mengi mno. Yapi siwezi kuyaacha?

Wat Pho kwanza. Humo amelala Buddha wa mita 46, urefu wa mabasi manne yaliyopangwa foleni, na jengo limembana mpaka huwezi kumwona mzima kwa mara moja. Unamtembelea kipande kipande, kutoka uso hadi nyayo. Na nyayo ndizo za kutazama: zimepambwa kwa lulumizi, zikiwa na alama 108 za heri, kila moja ndani ya mraba wake. Nyuma ya mgongo wake kuna safu ya mabakuli 108 ya shaba. Kwa baht 20 unapewa bakuli la sarafu ndogondogo, unapita ukiangusha moja katika kila bakuli. Mlio wake unajaa ukumbi mzima.

Wat Pho pia ndiyo shule mashuhuri ya kukanda mwili kwa namna ya Kithai, ufundi ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2019. Unaweza kukandwa palepale uwanjani. Si kukandwa kwa mafuta na muziki laini. Utavutwa, utakunjwa, na goti la mtu litakaa mgongoni mwako. Mwenye maumivu ya mgongo au presha aseme mapema.

Wat Arun iko ng'ambo, na pantoni ya kuvuka kutoka gati la Tha Tien ni baht 5. Kwa mbali mnara wake ni wa kijivu. Ukiukaribia ndipo unapogundua kwamba umefunikwa vipande vya sahani na vikombe vya kauri kutoka China, maelfu kwa maelfu, vilivyopangwa kuwa maua. Wengi huenda machweo, lakini machweo mnara unapendeza zaidi ukiwa upande wa Tha Tien, jua likizama nyuma yake. Nenda kauone kwa karibu saa kumi, kisha rudi ng'ambo.

Ukibaki na nafasi ya la tatu, nenda Wat Traimit, mwanzoni mwa Yaowarat. Sanamu yake ya dhahabu ina uzito wa tani 5.5. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni ya plasta, ikawekwa chini ya kibanda cha bati. Mwaka 1955 walipokuwa wakiihamisha ilianguka, plasta ikabanduka, na chini yake kukang'aa. Inaaminika kwamba waliipaka plasta ili kuificha wasije kuiteka Waburma, ambao mwaka 1767 waliuteketeza mji mkuu wa kale wa Ayutthaya.

Nitazungukaje bila kukaa foleni siku nzima?

Kwa maji na kwa reli. Gari liwe la usiku, au la mwenye mizigo.

Treni ya juu, BTS, ilianza mwaka 1999, na treni ya chini ya ardhi, MRT, mwaka 2004. Ni safi, zina baridi ya kukufanya ujute kuacha sweta, na zinafika karibu kila mahali pa biashara. Kituo cha MRT cha Sanam Chai kiko hatua chache kutoka Wat Pho, kwa hiyo ile habari ya kwamba mji wa kale haufikiki kwa treni imeshapitwa na wakati. Kumbuka tu kwamba BTS na MRT zina tiketi tofauti.

Mtoni, shuka kituo cha BTS cha Saphan Taksin; gati la Sathorn liko chini yake. Tafuta boti yenye bendera ya rangi ya chungwa: baht 16 uende umbali wowote. Watauza pia tiketi ya siku nzima ya boti ya watalii yenye bendera ya bluu. Si utapeli, ina nafasi zaidi na maelezo, ila kwa vituo viwili vitatu huhitaji.

Kisha kuna mfereji wa Saen Saep, ulioanza kuchimbwa mwaka 1837, enzi ya Rama wa Tatu, na leo unabeba wafanyakazi wanaokimbia foleni. Boti ni ndefu na nyembamba, na hazikungoji: zinagusa gati, watu wanaruka, zinaondoka. Kondakta amevaa helmeti, anatembea juu ya ukingo wa nje wa boti akishika kamba, anakusanya nauli isiyofika baht 30. Ubavuni kuna turubai lenye kamba. Boti nyingine ikipita, aliyekaa pembeni anavuta kamba, turubai linapanda, maji yanagonga nje. Ukikaa pembeni hiyo ndiyo kazi yako, na usipoifanya utatazamwa na safu nzima. Maji ni machafu, harufu ipo. Hata hivyo, kwenda Pratunam kutoka upande wa mji wa kale, hakuna kinachoishinda jioni.

Teksi zina mita inayoanzia baht 35. Dereva akikataa kuwasha mita, funga mlango taratibu, simamisha nyingine. Grab ipo, na Bolt ipo pia, ileile unayoitumia Dar au Nairobi. Bodaboda ni wale wenye vizibao vya rangi ya chungwa, wamekaa kwenye kila mdomo wa kichochoro. Ni wazuri kwa safari fupi na hatari kwa safari ndefu. Bajaji, wao huiita tuk-tuk, panda mara moja kwa ajili ya kufurahi, mkiwa mmekubaliana bei kabla.

Mimi ni Muislamu. Nitakula wapi, na nitaswali wapi?

Hutalala njaa. Waislamu ni wachache Thailand lakini Bangkok wana mitaa yao ya tangu enzi. Mahali rahisi kwa mgeni ni Sukhumvit Soi 3/1 (soi ni kichochoro), karibu na kituo cha BTS cha Nana, ambapo wenyewe wanapaita Soi Arab. Wagonjwa na familia kutoka Oman na Ghuba hukaa hapo kwa sababu hospitali ya Bumrungrad iko jirani. Mikahawa ya Kiyemeni, Kimisri na Kihindi imejaa, na Kiarabu kinatosha kuagizia. Ujue tu kwamba ng'ambo ya barabara, Soi 4, ni mtaa wa vilabu vya usiku vya aina ile usiyopenda mama akukute.

Chakula chenyewe cha Kithai kilicho halali ni kitamu zaidi ya hicho cha Soi Arab. Tafuta khao mok gai, biriani ya kuku ya rangi ya manjano inayoliwa na mchuzi mchachu wa kijani, na massaman, mchuzi mzito wa nazi, viazi na karanga ambao mtu wa Pwani ataufahamu kabla hajaambiwa ndani mna mdalasini na iliki. Nenda mtaa wa msikiti wa Haroon, ndani ya Charoen Krung, baada ya sala ya Ijumaa.

Kwenye vibanda vya kawaida, angalia nembo ya halali ya Kamati Kuu ya Kiislamu ya Thailand, ama kilemba au hijabu ya mpishi. Kusema tu usiwekewe nguruwe hakutoshi, kwa kuwa kikaango ni kilekile na mara nyingi mafuta yenyewe ni ya nguruwe.

Kwa sala, maduka makubwa mengi na uwanja wa ndege yana vyumba vya kuswalia. Ukitaka msikiti wa kuutazama pia, vuka mto hadi Thonburi, utafute Bang Luang: mweupe, paa na nakshi za Kithai tupu, ukipita haraka utadhani ni hekalu.

Na asiye na masharti ya chakula, vya mtaani ni salama?

Ni salama pale penye foleni ya wenyeji na moto mkali. Chagua kinachopikwa mbele yako. Barafu yenye tundu katikati hutoka kiwandani, haina neno. Maji ya bomba usinywe.

Kula Yaowarat usiku, barabara inapogeuka jiko: samaki, supu ya tambi, durian kwa wenye moyo. Jaribu som tam, saladi ya papai bichi lililotwangwa kwenye kinu na ndimu, karanga na pilipili. Mwambie mama kinuni pilipili moja. Ukinyamaza atatia tano, na za huko hazina mzaha. Msimu wa embe, kati ya Machi na Mei, kula wali wa kunata kwa embe na tui la nazi. Hapo sibishani na mtu.

Masoko: lipi la kununua nguo za biashara, lipi la kutembea tu?

La kutembea ni Chatuchak, Jumamosi na Jumapili, vibanda zaidi ya 15,000. Shuka BTS Mo Chit au MRT Kamphaeng Phet, fika saa tatu asubuhi. Ukiona kitu unachokipenda kinunue papo hapo, maana kukirudia ni ndoto. Ukipotea, ulizia mnara wa saa. Vyungu, mimea, nguo za mitumba za bei mbaya, sabuni, vikapu. Wanaouza kasa na ndege wa porini wapite bila kusimama.

Za biashara ni Pratunam na jengo la Platinum lililo jirani. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanapajua vizuri kuliko mimi, lakini kwa anayeanza: bei ya jumla huanza vipande vitatu katika maduka mengi, hata vya rangi tofauti, na kikokotoo cha muuzaji ndiyo lugha ya mazungumzo. Saizi ni ndogo. Kinachoitwa "free size" kimekatwa kwa mwili wa msichana wa Kithai, na mteja wako wa Manzese au Gikomba hataingia. Pima mwenyewe, vuta mshono, tazama zipu. Bobae ni kwa mafungu makubwa zaidi, nako watu huanza kungali giza. Vikorombwezo vya nywele, shanga na mikufu ya bandia viko Sampeng, kichochoro cha upana wa mikono miwili ambamo mikokoteni inapita ikipiga kelele. Ukiendelea mbele unatokea Pahurat, mtaa wa Wahindi, kwenye vitambaa vya harusi.

Mawakala wa kago wanaopeleka Afrika Mashariki wako palepale Pratunam. Omba bei kwa kilo kutoka kwa wawili au watatu kabla hujaacha mzigo, na risiti iandike uzito.

Dhahabu na vito je?

Dhahabu ya maduka mekundu ya Yaowarat ni ya usafi wa asilimia 96.5, na huuzwa kwa kipimo kinachoitwa baht, karibu gramu 15.2, usikichanganye na baht ya fedha. Bei ya siku hutangazwa na chama cha wauzaji dhahabu, nayo imeandikwa ukutani. Unacholipa juu ya bei hiyo ni ufundi, na ufundi ndio unaojadiliwa. Weka risiti, maana duka hulinunua tena pambo lake kwa bei nzuri zaidi kuliko duka la jirani.

Vito ni habari nyingine. Thailand ni moja ya vituo vikubwa vya kukata na kuchoma mawe duniani, na mengi yametoka kwetu: yakuti za Tunduru na Songea, tanzanite ya Mererani. Wanunuzi wa Kithai waliijaza Tunduru miaka ya 1990. Kama si kazi yako, usinunue jiwe Bangkok kwa kutegemea kuliuza kwa faida, hasa jiwe ambalo nyumbani ungelipata karibu na shimo. Kama umelipenda kwa ajili ya kidole chako, lipeleke kwanza kupimwa GIT, taasisi ya vito ya Thailand, iliyo na maabara eneo la Silom. Muuzaji atakayekasirika kwa hilo amekujibu.

Niko na watoto. Kuna nini cha kwao?

Lumphini, kabla ya kulipia chochote. Bustani ni bure na ina ziwa, na ziwani mna kenge. Si mmoja wawili; wamo wengi, baadhi wanakaribia mita mbili, wanapita majanini kati ya watu wanaofanya mazoezi, wanaingia majini bila haraka. Hawamsumbui mtu asiyewasumbua, lakini mtoto asiwalishe. Ikifika saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa kwenye vipaza sauti na wakimbiaji wote wanasimama ghafla. Simama nao. Wimbo ukiisha, wanaendelea kukimbia palepale walipoachia.

Boti za mtoni zitawafurahisha kuliko jumba la makumbusho. Jengo la Mahanakhon lina urefu wa mita 314, na karibu na kilele lina sakafu ya kioo; wenye moyo mwepesi wabaki chini.

Nyumba ya Jim Thompson ni nini hasa?

Ni nyumba sita za kale za mti wa msaji zilizoletwa na kuunganishwa kuwa makazi ya Mmarekani aliyeifanya hariri ya Thailand ijulikane duniani baada ya vita vya pili. Mwaka 1967 alikwenda matembezi Cameron Highlands, Malaysia, na hajaonekana tena. Unatembezwa na mwongozaji, na bustani ni tulivu.

Wanaokwenda hapo wengi hawavuki mfereji, na hapo ndipo wanapokosea. Ng'ambo ni Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa asili ya Cham, ambao ndio waliomfumia hariri hiyo. Vichochoro ni vyembamba, msikiti upo, na wafumaji waliobaki ni wachache mno. Piga hodi, salimia, usipige picha kabla ya kuomba.

Soko la majini lipi si maigizo?

Damnoen Saduak, lile la kwenye kadi za posta, liko kama kilomita 100 kutoka mjini na limekuwa la watalii kabisa. Mwisho wa wiki nenda Khlong Lat Mayom, ndani ya Bangkok yenyewe: wenyeji wanakwenda kula, na boti ni za kupikia. Ukitaka kutoka mjini, unganisha soko la majini la Amphawa jioni na soko la Maeklong, ambapo treni hupita katikati ya mafungu ya mboga na samaki. Wauzaji hukunja vivuli vyao, treni inapita juu ya nyanya, vivuli vinarudi.

Ayutthaya inatosha kwa siku moja?

Inatosha. Ni kilomita 80 hivi kaskazini, na treni ya daraja la tatu ni nauli ya sarafu: madirisha wazi, feni juu, wauza wali wanapita. Ulikuwa mji mkuu kutoka 1350 hadi 1767. Kodi baiskeli, uanze na Wat Mahathat, ambapo kichwa cha Buddha kimekumbatiwa na mizizi ya mti. Ukipiga picha nacho, chuchumaa. Kichwa chako kisiwe juu ya chake, na mlinzi atakukumbusha.

Niende miezi gani?

Novemba hadi Februari. Machi hadi Mei ni joto la kuchosha hata mtu wa Dar. Mvua ni Mei hadi Oktoba, nzito zaidi Septemba, lakini hunyesha saa moja mbili ikakata. Songkran, mwaka mpya wao, ni 13 hadi 15 Aprili: mji mzima unamwagiana maji, na hakuna wa kukuonea huruma kwa kuwa umevaa suti. Wafanyabiashara waikwepe wiki hiyo, maduka mengi ya jumla hufungwa.

Viza, chanjo, na makaratasi?

Masharti ya viza hutegemea pasipoti yako na hubadilika. Maombi sasa hufanywa kwenye mfumo rasmi wa viza wa mtandaoni, na ubalozi wa Thailand upo Nairobi. Tangu 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza kadi ya kuwasili ya kidijitali, TDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayokutoza si yenyewe.

Linalowaangusha watu wa kwetu ni cheti cha homa ya manjano. Anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa kuwa nacho, na chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla. Ukishuka Suvarnabhumi, pita kwanza kaunta ya afya, upate muhuri, ndipo uende uhamiaji. Ukipanga foleni ya uhamiaji moja kwa moja utarudishwa nyuma baada ya saa nzima.

Kuna sheria za kuogopa?

Usimseme vibaya mfalme wala familia yake, kwa mdomo au mtandaoni. Kifungu cha 112 kinabeba miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Sigara za umeme zimepigwa marufuku, ziache nyumbani. Bangi utaiona madukani, lakini tangu Juni 2025 maua yake yanahitaji cheti cha daktari, na kurudi nayo nyumbani ni jela nyingine. Usimguse mtu kichwani, hata mtoto.

Saa zao zikoje?

Wako saa nne mbele ya Afrika Mashariki. Jioni Wathai huhesabu kama sisi: saa kumi na tisa za uwanja wa ndege, kwao ni saa moja ya usiku. Wakizungumza Kiingereza hutumia saa za kizungu, kwa hiyo miadi na dereva iandikwe kwa tarakimu. Mwaka wao umetutangulia kwa 543. Usishtuke ukiona maziwa yanaharibika mwaka 2569.

Ndege yangu ni usiku wa manane. Siku ya mwisho nifanyeje?

Acha mabegi hotelini, nenda ukakandwe, oga, kula. Treni ya uwanja wa ndege kutoka Phaya Thai ni baht 45, nusu saa hivi, na husimama karibu saa sita usiku. Wenye mabegi manne wachukue teksi na watenge saa moja na nusu jioni. Ukiwa umenunua vitu vya kuanzia baht 2,000 duka moja siku moja, na duka likakujazia fomu ya kurudishiwa kodi, uliza forodha kama unahitaji muhuri kabla ya kukabidhi mizigo, kwa kuwa wanaweza kutaka kuviona. Fedha yenyewe hulipwa ndani, baada ya uhamiaji.